Namna ya kujenga ushirikiano wa vyuo vikuu katika elimu ya usimamizi wa ardhi

Hati za makubaliano baina ya vyuo vikuu husainiwa kwa urahisi. Makamu wakuu wa vyuo hukutana, hupeana mikono mbele ya kamera, na kila upande hurudi nyumbani na nakala yake. Kazi inayotarajiwa kufuata huachiwa idara ambayo pengine haikushirikishwa tangu mwanzo na haina fungu la fedha kwa jambo hilo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa idara au mhadhiri wa usimamizi wa ardhi, uthamini (ukadiriaji wa thamani ya mali), upimaji au mipangomiji katika Afrika Mashariki, ambaye anataka kushirikiana na idara ya nchi jirani na angependa ushirikiano huo uendelee baada ya picha kupigwa. Njia ninayoipendekeza inageuza mpangilio uliozoeleka: kwanza litafutwe somo moja ambalo idara zote mbili zinalihitaji kweli, kisha watu wa kulifundisha, kisha eneo la mafunzo kwa vitendo, na hati ije mwisho kuhalalisha kile ambacho tayari kimeanza kufanyika.

Tafuta somo ambalo huwezi kulifundisha vizuri peke yako

Katika fani nyingine, pengo ambalo chuo mwenza hulijaza huwa ni maabara au kifaa cha gharama kubwa. Katika fani ya ardhi, pengo lililo karibu zaidi ni sheria na taratibu za jirani, kwa sababu nchi zetu zimefuata njia tofauti sana ingawa watu wake wanafanana kwa mengi. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, imeifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupata haki ya kuimiliki kwa matumizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeigawa ardhi katika ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ardhi ni mali ya raia wenyewe, na inatambua mifumo minne ya umiliki, ukiwamo ule wa mailo uliotokana na Makubaliano ya Buganda ya mwaka 1900. Rwanda, kwa upande wake, ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 katika zoezi lililoenea nchi nzima kuanzia mwaka 2009, likitumia picha za anga na wananchi waliofunzwa kuonyesha mipaka wakiwa pamoja na wenye maeneo na majirani zao. Mwanafunzi anayeisoma nchi yake tu huhitimu akiamini kwamba utaratibu wa kwao ndio utaratibu wa dunia.

Hata hivyo, "sheria za ardhi za Afrika Mashariki" ni somo pana mno kuanzia nalo. Chagua kitu chembamba chenye mfano hai. Nitatumia hapa uthamini kwa ajili ya fidia, kwa sababu upo mradi mmoja unaowapa walimu wa nchi mbili kielelezo kilekile: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Bomba ni moja na kampuni ni moja, lakini mkulima aliye upande wa Kyotera na mwenzake aliye upande wa Missenyi mkoani Kagera wanathaminiwa kwa kanuni mbili tofauti.

Uganda, sheria ya ardhi inamwongezea anayehamishwa posho ya usumbufu ya asilimia 15 juu ya thamani iliyopatikana, na asilimia hiyo hupanda hadi 30 iwapo notisi ya kuondoka ni ndani ya miezi sita. Viwango vya fidia ya mazao huandaliwa na bodi ya ardhi ya wilaya. Tanzania, kanuni za mwaka 2001 zinataka posho ya usumbufu ipatikane kwa kuzidisha thamani ya mali na wastani wa riba inayotolewa na benki za biashara kwa amana ya muda maalumu ya miezi kumi na miwili. Kisha zipo posho ya makazi, inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, posho ya usafiri, inayotokana na gharama ya kusafirisha tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na fidia ya faida iliyopotea ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Wape wanafunzi wa pande mbili zoezi moja. Tuseme mali imethaminiwa kwa milioni 10 katika shilingi za nchi husika, na riba ya amana ni asilimia 8. Mganda ataandika posho ya usumbufu ya milioni 1.5, au milioni 3 ikiwa notisi ni fupi. Mtanzania ataandika laki 8, lakini bado atakuwa na mistari mingine ya kujaza ambayo mwenzake hana. Sasa waulize ni mkulima yupi amelipwa kwa haki zaidi, na majibu yao yatakuonyesha haraka nani ameelewa uthamini na nani amekariri fomula.

Juu ya hapo kuna suala la nani hasa analipwa. Kyotera ipo Buganda, na mailo humweka mwenye hati na mkaazi wa kibanja, yaani kipande anachokikalia na kukilima, juu ya ardhi ileile, kila mmoja akiwa na haki yake. Fidia lazima igawanywe baina yao. Missenyi, kwenye ardhi ya kijiji, mthamini hukutana na halmashauri ya kijiji, na pengine na familia yenye hati ya hakimiliki ya kimila au isiyo na karatasi yoyote. Hakuna mhadhiri wa Dar es Salaam anayeweza kuueleza mgogoro wa kibanja kama mhadhiri wa Kampala ambaye amekulia ndani yake, na kinyume chake ni kweli kwa mkutano mkuu wa kijiji. Ukipata somo la namna hiyo, umeshapata sababu ya ushirikiano ambayo haitategemea hisani ya mtu.

Kuchagua chuo mwenza

Usianze na jina kubwa. Anza na idara yenye walimu wawili au watatu wanaolifundisha somo ulilolichagua na wanaojibu barua. Ikiwa ni mmoja tu, ushirikiano utakufa siku atakapokwenda kusoma shahada ya uzamivu au kuteuliwa serikalini, jambo ambalo kwa watu wa ardhi hutokea mara nyingi.

Orodha ya mahali pa kutazama si ndefu. Tanzania kuna Chuo Kikuu Ardhi, kilichoanza kama shule ya upimaji mwaka 1956, kikawa Taasisi ya Ardhi, kisha chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hatimaye chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya. Makerere ina idara ya jiomatiki (upimaji na uchoraji ramani) na usimamizi wa ardhi. Rwanda kuna INES-Ruhengeri mjini Musanze, na Ethiopia kuna Chuo Kikuu cha Bahir Dar chenye taasisi nzima inayoshughulikia usimamizi wa ardhi. Vyuo vya namna hii vinakutana tayari katika mtandao wa usimamizi wa ardhi wa Afrika Mashariki unaojulikana kwa kifupi kama EALAN, na katika mtandao wa bara zima uitwao NELGA, ulio chini ya Kituo cha Sera ya Ardhi cha Afrika huko Addis Ababa, ambamo Chuo Kikuu Ardhi ndicho kitovu cha kanda ya mashariki. Ingia katika mitandao hiyo kwa ajili ya kufahamiana na watu na kupata mitaala ya kulinganisha, lakini usiichukulie kuwa mbadala wa ushirikiano wa idara kwa idara. Mtandao wenye wanachama wengi haupangi ratiba ya darasa lako.

Vyuo vya Ulaya vina nafasi yake. ITC ya Enschede, Uholanzi, taasisi ya mafunzo ya ramani na taarifa za kijiografia iliyoanzishwa mwaka 1950 na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Twente, imewasomesha wahadhiri wengi wa ardhi wa ukanda huu, na wahitimu wake wa nchi mbalimbali mara nyingi ndio wanaofahamiana kabla vyuo vyao havijafahamiana. Watafute hao. Lakini pale ambapo chuo cha Ulaya ndicho kinacholeta fedha, ajenda nayo husafiri pamoja na fedha, na kwa maoni yangu ni busara vyuo viwili vya Afrika Mashariki vikubaliane somo kwanza, ndipo mshirika wa tatu aalikwe kwa jambo mahususi.

Mtahini wa nje ni mlango uliokwisha kufunguliwa

Vyuo vyetu vingi huleta mtahini wa nje kupitia mitihani na tasnifu kabla matokeo hayajapelekwa seneti. Mfumo huu una bajeti yake, una barua zake na hauhitaji hati mpya, na nashangaa jinsi usivyotumiwa ipasavyo. Omba mhadhiri wa idara unayoitamani ateuliwe kuwa mtahini wako, na wewe ukubali kualikwa kwake. Kwa siku chache atakazokaa, atayaona maswali yenu, karatasi zilizosahihishwa, kiwango cha tasnifu na udhaifu wa mtaala. Hakuna ziara ya ujumbe rasmi inayoonyesha hayo. Mbakishe siku mbili zaidi atoe mihadhara juu ya somo mlilolichagua, na wanafunzi waandike zoezi ambalo ninyi wawili mtalisahihisha kila mmoja peke yake na kulinganisha alama. Mkitofautiana sana, mna kazi ya kufanya kabla ya kuzungumzia shahada ya pamoja.

Mafunzo kwa vitendo mpakani

Hapa ndipo ushirikiano wa elimu ya ardhi unapoonekana, na hapa ndipo muda mwingi wa maandalizi unapaswa kwenda. Kwa somo la fidia, Mutukula, mji wa mpakani baina ya Kyotera na Missenyi, inafaa: wanafunzi wa vyuo viwili wanaweza kulala mji mmoja na kufanya kazi pande mbili za mpaka. Wanaoshughulika na ardhi ya malisho wana Namanga, yenye Longido upande mmoja na Kajiado upande wa pili, ambako jamii moja ya wafugaji inaishi chini ya sheria ya vijiji ya Tanzania na sheria ya ardhi ya jamii ya Kenya ya mwaka 2016.

Barua ziandikwe mapema na zifuate ngazi. Tanzania, barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Ukiifikisha kijijini bila mhuri wa wilaya, utarudishwa, na Mtendaji atakuwa sahihi. Ikiwa kinachofanyika ni utafiti na washiriki ni wageni, vibali hutolewa na tume za sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kwa Uganda. Suala la uhamiaji lishughulikiwe na mtu mmoja mwenye jina katika kila chuo: aulize kwa maandishi kama wanafunzi wanaingia kwa pasi ya matembezi, na kama mhadhiri mgeni atakayefundisha anahitaji kibali cha ziada. Jibu la mdomo la mpakani hubadilika kulingana na nani yuko zamu.

Vikundi vichanganywe kabla ya kuondoka, kila kimoja kikiwa na wanafunzi wa vyuo vyote viwili, na kila kikundi kifanye kazi pande zote mbili. Lugha ipangwe pia. Upande wa Missenyi Kiswahili kitatosha kwa mahojiano mengi, ingawa wazee watazungumza Kihaya kwa uhuru zaidi. Upande wa Kyotera mtahitaji Kiganda, na mwanafunzi wa Makerere ndiye atakayegeuka mwenyeji na mkalimani. Mabadiliko haya ya nafasi, ambapo anayeongoza asubuhi anaongozwa jioni, yanafundisha mengi kuhusu kazi ya mthamini kwa mtu asiyejua sheria.

Jambo moja la kiufundi huwakwamisha wengi siku ya kwanza. Ramani za zamani za nchi zetu zimechorwa kwa mfumo wa rejea wa Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya GPS hutoa majiranukta (namba za kuonyesha mahali) ya WGS 84, mfumo wa rejea wa dunia nzima. Ukiweka moja juu ya nyingine bila kubadilisha, mipaka huachana kwa takriban mita 300, kiasi cha kulihamishia shamba la mtu kwa jirani wa tatu. Kubalianeni mfumo mmoja kabla ya safari, andikeni vigezo vya ubadilishaji kwenye karatasi moja ya maelekezo, na tumieni programu ya bure ya ramani kama QGIS ili mwanafunzi asitegemee leseni ya chuo kimoja.

Mwisho wa mafunzo, matokeo yarudishwe kijijini kwa lugha inayoeleweka. Hapo tahadhari inahitajika: fomu za wanafunzi zina majina, majiranukta ya maeneo na wakati mwingine madai ya mgogoro ambao haujafika barazani. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kwa hiyo kuvusha fomu hizo mpakani ndani ya kompyuta ya mwanafunzi si jambo la kupuuzwa. Ondoeni majina kabla ya kushirikishana, na mkubaliane nani anatunza orodha inayounganisha namba na mtu.

Krediti, kalenda na ithibati

Somo la pamoja lisipohesabiwa katika alama za mwanafunzi, mwaka wa pili hatakuja mtu. Tatizo ni kwamba tunahesabu kwa vipimo tofauti. Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, ikiwamo kujisomea. Uganda, krediti moja ni saa 15 za kukutana na mwalimu katika muhula. Somo la krediti 3 la Makerere, ambalo ni saa 45 darasani, laweza kuwa sawa kabisa na somo la krediti 12 la Chuo Kikuu Ardhi, ambalo ni saa 120 za jumla, ikiwa mwanafunzi anajisomea saa 75 nje ya darasa. Andaeni jedwali la ulinganisho lenye saa za mihadhara, vitendo, kujisomea na mtihani, mlipeleke katika bodi za idara na seneti za vyuo vyote viwili. Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala lina mfumo wa pamoja wa sifa za kitaaluma. Nyaraka hizo zinasaidia sana kumshawishi mjumbe wa seneti mwenye mashaka.

Kuhusu shahada ya pamoja yenye vyeti viwili au nembo mbili, ushauri wangu ni kuisubirisha. Itahitaji ithibati ya mamlaka mbili, yaani Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania na mwenzake wa nchi ya pili, na pia kukubaliwa na bodi za usajili wa wathamini, wapimaji au wapangaji miji, ambazo huuliza maswali yao wenyewe. Somo moja linalotambuliwa pande zote mbili linaweza kupitishwa ndani ya utaratibu wa kawaida wa mapitio ya mtaala.

Kalenda hazilingani na hazitalingana. Tafuteni wiki mbili au tatu ambazo wanafunzi wote wako huru, mara nyingi kipindi cha mafunzo kwa vitendo, na muyajenge mafunzo humo. Mihadhara mingine ifanyike kwa mtandao, ikirekodiwa, kwa kuwa umeme na intaneti havikatiki kwa makubaliano.

Fedha na hati

Panga ushirikiano ambao utaweza kuendelea kwa kiwango kidogo hata bila mfadhili. Kila mwanafunzi alipe ada katika chuo chake, ili swali la ada ya mgeni lisijitokeze. Kila chuo kigharamie usafiri wa watu wake hadi mpakani. Mwenyeji agharamie malazi ya mhadhiri mgeni na usafiri wa ndani. Posho za wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wakalimani ziingizwe kwenye bajeti waziwazi, kwa sababu zitalipwa kwa vyovyote na bila mstari wake zitakuwa hoja ya mkaguzi. Masurufu yaombwe mapema na yarejeshwe ndani ya muda. Fedha za nje, kwa mfano mpango wa Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika wa wanafunzi na wahadhiri kusafiri baina ya vyuo vya Afrika, au ufadhili wa masomo wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, zitumike kuongeza idadi ya wanafunzi na nafasi za uzamili juu ya shughuli ambayo tayari ipo. Andiko la mradi linaloweza kuonyesha mafunzo ya mpakani yaliyokwisha kufanyika lina nguvu kuliko lile lenye ahadi pekee.

Baada ya mzunguko mmoja au miwili ya mafunzo, andikeni hati. Iwe fupi, ikiwa na kiambatisho cha idara kinachotaja somo, krediti zake, wiki za mafunzo, mratibu na msaidizi wake katika kila chuo kwa cheo chao wala si kwa jina, mgawanyo wa gharama, umiliki wa takwimu na machapisho, bima ya wanafunzi wakiwa uwandani, na nani anashughulikia malalamiko ya alama. Kiambatisho kipitiwe kila mwaka na idara, bila kusubiri saini za makamu wakuu. Weka pia kifungu cha kuachana: chuo kitakachotaka kujitoa kitoe taarifa muhula mmoja kabla, na wanafunzi waliokwisha kuandikishwa katika somo wamalize na kupewa alama zao kama ilivyoahidiwa. Mwanasheria wa chuo atakitaka kifungu hicho kiwe kirefu. Mwachie arefushe mengine, lakini sentensi inayomlinda mwanafunzi aliye katikati ya masomo ibaki ilivyo.